Hesabu ya Vyumba Sitini na Vinne

Leo nataka kuwasimulia habari za hesabu moja tu. Najua kwamba wengi wenu mwapenda kusikia habari za wafalme na vita na safari. Walakini hesabu nayo huwa na historia kama mji ulivyo na historia. Hesabu hii ina watu walioitafuta, ina watu waliokosea juu yake, na zaidi ya miaka elfu iliyopita aliyeiandika alikuwa mtu aliyepata kuiona bahari yetu hii inayopiga pwani ya Tanga. Mwenye kalamu na aishike, maana ina tarakimu 20. Ni hii:

18,446,744,073,709,551,615

Kabla sijasema imetoka wapi, nipeni ruhusa nianze na baraza moja la hapa Mabawa.

Alasiri, jua likiisha kupoa, wazee wa mtaa wetu hukaa barazani wakacheza bao. Siku moja nilikuwa nimepita hapo pamoja na mwanafunzi mmoja wa ualimu, nikamwona jirani yangu mmoja, mtu mzima wa heshima, amekaa kando hachezi, naye ana karatasi mkononi.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia.

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja wakati mwema. Nisomee karatasi hii kabla sijaitia kidole."

Nikaisoma. Mfanya biashara mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa tayari kumkopesha madebe mawili ya mbegu ya mahindi. Mavuno yakipita bila deni kulipwa, litakuwa maradufu; mavuno ya pili yakipita, litakuwa maradufu tena; na hivyo hivyo mpaka litakapolipwa. Rehani yake ni shamba la minazi upande wa Tongoni, alilorithi kwa baba yake.

"Madebe mawili yakiwa manne, si kitu, Mwalimu," akasema. "Hata yakiwa manane, Mungu akileta mvua nitalipa."

Yule mwanafunzi hakusema neno. Aliwaomba radhi wachezaji waliokuwa wamekwisha mchezo wao, akakusanya kete zote, akapiga magoti mbele ya mzee. "Babu," akasema, "kete moja na iwe debe moja." Akaweka kete mbili chini. "Hili ndilo deni. Masika yamepita, hukulipa." Akaweka kete nne. "Vuli imepita." Akaweka nane. Masika ya pili, kumi na sita. Vuli ya pili, thelathini na mbili. Masika ya tatu, akaweka kete zote alizokuwa nazo, nazo ni sitini na nne. Mkono wake ukabaki mtupu.

"Na vuli ya tatu, babu, itatupasa kwenda kuazima kete za baraza la pili."

Wote wakanyamaza. Mzee akazitazama kete zile kitambo, kisha akauliza, "Hiyo ni miaka mingapi?"

"Mitatu, babu. Misimu sita. Madebe 128."

Akaikunja karatasi, akaondoka bila kuitia kidole. Msimu ule alipata mbegu kwa nduguze, huyu kibaba, huyu vibaba viwili. Akapanda kwa kuchelewa, na mavuno yake yalikuwa haba. Sitawadanganya kwamba hakupata taabu. Lakini minazi ya Tongoni ni yake hata leo.

Basi, tangu siku ile sioni kete za bao ila nakumbuka hesabu ile ya tarakimu 20, kwa kuwa nayo imetoka katika sitini na nne, na katika neno hilo hilo moja: maradufu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64. Ubao wa sataranji una vyumba 64, safu nane za vyumba vinane vinane. Simaanishi kwamba mchezo mmoja umezaliwa na mwingine. Nasema tu kwamba mtu aliyezoea bao hatapata shida kuifahamu hadithi ninayotaka kuisimulia.

Hadithi yasema kwamba hapo kale katika nchi ya Bara Hindi palikuwa na mtu mwenye akili, jina lake Sissa, aliyemtungia mfalme wake mchezo wa sataranji. Mfalme alipendezwa mno, akamwambia, "Taka utakacho." Sissa akajibu kwamba ataka nafaka tu: punje moja kwa chumba cha kwanza cha ubao, punje mbili kwa chumba cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea hivyo kwa maradufu mpaka chumba cha sitini na nne. Mfalme akakasirika kidogo, akiona kwamba ameombwa kitu duni kisichofaa ukarimu wake. Akaamuru mtu yule apewe nafaka yake aende zake. Waandishi wa hazina wakakaa kuhesabu. Walipomaliza wakamjia mfalme, wakamwambia kwamba ghala zake zote hazitoshi, wala za nchi zote hazitoshi. Jumla ya punje za vyumba vyote ndiyo hesabu niliyowaandikisha.

Kama Sissa alikuwako au hakuwako, hakuna awezaye kuthibitisha; hadithi ni hadithi. Lakini hesabu si hadithi. Hesabu ni kweli leo kama ilivyokuwa kweli siku ile, na mtoto wa darasa la juu aweza kuijaribu mwenyewe.

Sasa nitawaambia jinsi habari hii ilivyogusa pwani yetu. Alikuwako mtu wa Baghdad, jina lake al-Masudi, msafiri na mwandishi wa historia. Alisafiri kwa vyombo vya Waarabu na Waajemi kutoka Sohar katika Oman mpaka kisiwa kilichoitwa Qanbalu, katika bahari ya Zanji, yaani bahari yetu ya Afrika ya Mashariki. Safari yake ya mwisho ya kurudi Oman kutoka Qanbalu ilikuwa mwaka wa 304 wa Hijra, nao ni kama mwaka wa 916 wa Masihi. Wataalamu wengi hudhani kwamba Qanbalu ilikuwa Pemba, kisiwa kinachotuelekea ng'ambo ya mkondo hapa Tanga. Al-Masudi aliandika kwamba amepata kusafiri katika bahari nyingi, lakini hakuona iliyo na hatari kuliko hii yetu. Mabaharia wa Pemba na Tanga watakaosoma maneno hayo wataelewa kwamba alisema kweli, hasa aliyewahi kuuvuka mkondo ule wakati wa kusi.

Mtu huyu alitunga kitabu kikubwa, akakimaliza mwaka wa 947. Ndani yake aliandika habari za nchi ya Zanji na biashara ya pembe za ndovu. Asema pembe zilitoka huku kwetu zikapelekwa Oman, na kutoka Oman zikapelekwa Uchina na Bara Hindi. Na huko Bara Hindi, asema, zilifanywa vipini vya majambia na vya panga, lakini matumizi yake makubwa yalikuwa kuchongewa vipande vya kuchezea sataranji na nardi. Kisha, akiwa bado katika habari za mchezo ule, alieleza kwamba Wahindi waliona siri kubwa katika kuzidisha maradufu vyumba vya ubao. Akaitaja jumla yake, na jumla aliyoitaja ni hii hii yetu.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Tembo aliishi katika nyika za bara letu. Pembe yake ilibebwa mpaka pwani, ikapakiwa chomboni, ikavuka bahari kwa kaskazi na kusi, ikachongwa huko Bara Hindi ikawa mfalme au askari juu ya ubao wenye vyumba 64. Mwenye kucheza akazidisha vyumba vile, akapata hesabu. Na aliyetuachia hesabu hiyo kwa maandishi ni mtu aliyetia nanga katika maji haya haya. Kwa hiyo asije mtu akawaambia, enyi vijana, kwamba hesabu ni kitu kigeni kilichotufikia juzi pamoja na ubao mweusi na chaki. Biashara haiendi bila hesabu, na pwani yetu imefanya biashara tangu zamani. Katika mwaka wa 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zilifukuliwa fedha za kale zaidi ya 2,000, nyingi zao vipande vidogo vidogo vyenye majina ya watawala wa huku huku. Mji wenye fedha ni mji wenye watu wa kuzihesabu.

Hata maneno yetu ya kuhesabia yatoa ushahidi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba na tisa ni ya Kiarabu. Lakini wazee wetu walikuwa na yao, wakisema tandatu, fungate na kenda, na hata leo bibi arusi hukaa fungate, ambazo ni siku saba. Mia na elfu tulipata kwa Waarabu. Laki ilitoka Bara Hindi. Milioni ilitoka Ulaya. Kila neno la hesabu kubwa liliingia bandarini pamoja na shehena yake.

Waarabu wa zamani walipotaka kutaja hesabu kubwa kuliko elfu walirudia neno lenyewe. Elfu elfu ndiyo milioni. Basi hesabu yetu ingeanza hivi: kumi na nane elfu elfu elfu elfu elfu elfu, yaani neno elfu mara sita; kisha mia nne arobaini na sita elfu mara tano; na kuendelea. Sisi twaweza kusema milioni ya milioni za milioni kumi na nane, na ziada. Kwa njia yo yote, pumzi itakuishia kabla ya hesabu kwisha.

Labda msikilizaji mmoja auliza: watu wale wasiokuwa na mashine waliipataje? Je, walikaa wakazidisha maradufu mara 63 bila kukosea? Njia iko fupi zaidi, na aliyeieleza vizuri ni mtaalamu mkubwa al-Biruni, aliyezaliwa mwaka wa 973. Katika kitabu alichokiandika karibu na mwaka wa 1000 alionyesha kanuni hii: chukua hesabu ya chumba fulani, uizidishe kwa yenyewe, utapata hesabu ya chumba kilicho mbali mara mbili kutoka mwanzo. Mathalani chumba cha tano kina punje 16. Kutoka cha kwanza mpaka cha tano ni hatua nne. Zidisha 16 kwa 16, upate 256. Nenda hatua nne nyingine, utafika chumba cha tisa, nacho kina 256 barabara.

Haya, tuendelee. Zidisha 256 kwa 256: ni 65,536, nacho ni chumba cha 17. Zidisha 65,536 kwa 65,536: ni 4,294,967,296, nacho ni chumba cha 33. Zidisha hiyo kwa yenyewe mara moja tena, utafika chumba cha 65, ambacho hakimo ubaoni. Hesabu yake ni 18,446,744,073,709,551,616. Sasa toa moja. Kwa nini moja? Tazameni vyumba vya mwanzo. Moja na mbili ni tatu, nayo ni nne kasoro moja. Ongeza nne, ni saba, nayo ni nane kasoro moja. Ongeza nane, ni kumi na tano, nayo ni kumi na sita kasoro moja. Siku zote jumla ya vyumba vyote vilivyopita ni chumba kifuatacho kasoro moja. Kwa hiyo jumla ya vyumba 64 ni chumba cha 65 kasoro moja. Kazi iliyoonekana kuwa ya mwezi mzima imekuwa kazi ya alasiri moja, kwa karatasi moja na subira.

Wengine, hata wenye elimu, walisita kuamini. Ibn Khallikan, mwandishi mashuhuri wa maisha ya watu wakuu, aliyekufa mwaka wa 1282, akiri wazi kwamba alikuwa na shaka juu ya habari hii, mpaka karani mmoja wa hesabu wa mji wa Iskandaria alipomletea karatasi. Karani yule hakubishana naye. Alimwonyesha tu kwamba katika chumba cha 16 punje ni 32,768, akazifanya kuwa kipimo kimoja kidogo. Kisha akapanda kutoka kipimo hata kipimo kikubwa zaidi, mpaka ghala, na kutoka ghala mpaka mji. Katika chumba cha 50 alipata ghala 1,024, akazifanya mji mmoja. Basi katika chumba cha 64 ilipatikana miji 16,384, na duniani hapakuwa na miji mingi kadiri hiyo. Mtaalamu akaridhika. Nampenda karani yule ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na namheshimu pia Ibn Khallikan, kwa kuwa hakuona aibu kuandika kwamba alifundishwa na karani.

Na sisi tufanye vivyo hivyo kwa vipimo vya kwetu. Punje 40,000 za mchele huwa kadiri ya kilo moja. Basi punje 32,768 za chumba cha 16 ni kadiri ya kibaba kimoja kilichojaa. Hapo twaona kwamba robo ya kwanza ya safu zetu ni mchezo wa jikoni tu. Chumba cha 18 ni vibaba vinne, yaani pishi. Chumba cha 23 ni gunia moja, kilo mia na kidogo. Mfalme bado acheka. Chumba cha 33 ni magunia 1,024, shehena ya kutosha jahazi kubwa. Mfalme aanza kukunja uso. Chumba cha 43 ni majahazi 1,024. Ukiyatia nanga mbele ya bandari ya Tanga hutaona maji. Chumba cha 53 ni majahazi milioni moja na ziada. Na chumba cha 64 peke yake ni majahazi 2,147,483,648, nasi bado hatujavijumlisha vile vingine 63. Siku hizi dunia nzima hupata mchele zaidi kidogo ya tani milioni 500 kwa mwaka. Ingepasa wakulima wote wa dunia walime zaidi ya miaka 800 bila kula hata punje, ndipo Sissa alipwe. Na mtu akitaka kuzihesabu punje zile moja moja, kila nukta ya saa punje moja, usiku na mchana, ingemchukua zaidi ya miaka milioni 580,000.

Wazee wetu wasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini maradufu na maradufu huzamisha jahazi.

Sasa nawaomba wanafunzi wakaribie, maana hesabu hii ina sifa nyingine zilizofichika ndani. Kwanza, je, yagawanyika? Mwisho wake ni 5, basi yagawanyika kwa 5. Jumlisheni tarakimu zake zote: mtapata 87, nayo yagawanyika kwa 3, basi na hesabu nzima yagawanyika kwa 3. Tena jumlisheni 8 na 7, ni 15. Na 1 na 5, ni 6. Shikeni hiyo 6, maana ni mlinzi wenu. Mtu akiinakili hesabu hii akakosea tarakimu moja, mwisho wa kujumlisha hautakuwa 6, isipokuwa ameandika 9 mahali pa 0, au 0 mahali pa 9. Hivyo ndivyo mwanafunzi hodari awezavyo kumkagua hata mwalimu wake.

Pili, twaweza kuivunja yote. Kanuni yake ni nyepesi. Nne mara nne ni 16; toa moja, ni 15, nayo ni 3 mara 5: hesabu iliyo chini ya nne mara hesabu iliyo juu ya nne. Kumi na sita mara 16 ni 256. Toa moja, ni 255, nayo ni 15 mara 17. Zidisha 256 kwa yenyewe, toa moja, ni 255 mara 257. Mkipanda hivyo mpaka juu mtaona kwamba hesabu yetu ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 65,537 mara 4,294,967,297.

Tazameni hesabu hizo sita. Tano za kwanza hazigawanyiki kwa hesabu yo yote ila moja na zenyewe. Hesabu za namna hiyo huitwa namba tasa, kwa kuwa hazizai. Je, ya sita nayo ni tasa?

Hapa historia yetu yahamia Ulaya. Katika Ufaransa alikuwako Pierre de Fermat, mwanasheria aliyependa hesabu kuliko kitu kingine, na mmoja wa watu wenye akili kubwa kabisa katika elimu hiyo. Katika mwaka wa 1640 aliwaandikia rafiki zake kwamba aamini hesabu zote za namna hii ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65,537, na 4,294,967,297, na zote zitakazofuata. Hakuwa na uthibitisho, ila aliona tano za kwanza ni tasa, akasadiki kwamba zilizobaki zitafuata njia ile ile. Watu wakalichukua neno lake, kwa kuwa ni neno la mtu mkubwa. Ikapita miaka zaidi ya 90. Ndipo katika mwaka wa 1732 Leonhard Euler, mtu wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Urusi, alipoonyesha kwamba 4,294,967,297 yagawanyika kwa 641. Ni 641 mara 6,700,417. Zidisheni wenyewe jioni ya leo, mtaona. Tena mpaka sasa haijaonekana hata hesabu moja ya namna ile iliyo tasa zaidi ya zile tano za kwanza. Fermat alihesabu hatua tano, akaiamini ya sita bila kuihesabu. Na hapo ndipo alipokosea.

Basi jumla ya vyumba vya sataranji, ikivunjwa mpaka mwisho, ni 3 mara 5 mara 17 mara 257 mara 641 mara 65,537 mara 6,700,417. Namba tasa saba, wala hakuna ya nane.

Katika siku zetu hesabu hii imepata kazi mpya. Kompyuta nyingi hushika hesabu katika nafasi 64, na kila nafasi yaweza kuwa na 0 au 1 tu. Nafasi ya kwanza yahesabiwa moja, ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane, kama vyumba vya ubao wa Sissa. Zote zikijaa 1, hesabu inayopatikana ndiyo ile ile aliyoiandika al-Masudi. Hiyo ndiyo kubwa kabisa inayoweza kukaa katika nafasi 64. Ukiongeza moja tu, mahali hapatoshi tena, kama kete zilivyoisha pale barazani.

Ndugu wasikilizaji, nimewapitisha mbali, kutoka Mabawa mpaka Bara Hindi, na Iskandaria, na Ufaransa, na Urusi; yanipasa sasa niwarudishe nyumbani. Mfalme wa hadithi hakuwa mjinga. Alikubali neno dogo kwa sababu vyumba vya kwanza vilikuwa vidogo, wala hakuvifuata mpaka mwisho. Fermat hakuwa mjinga. Alisimama hatua moja kabla ya kosa lake. Na jirani yangu, mwenye shamba la Tongoni, hakuwa mjinga hata kidogo. Nimemwona akicheza bao akihesabu kete za mashimo mengi kwa macho tu, kabla hajanyosha mkono, hata vijana wanaojua kusoma humshindwa. Akili ya kuhesabu alikuwa nayo siku zote. Lililokosekana ni kuitoa akili ile katika bao na kuitia katika karatasi ya deni.

Kwa hiyo, kila mtu atakapokuletea neno lenye maradufu ndani yake, likiwa la deni, au la faida, au la bahati, usiangalie chumba cha kwanza. Omba kete. Kaa chini, zipange, uende nazo mpaka msimu wa mwisho. Na kama hujui kusoma, mwite mtoto wako wa shule. Wala usione haya, kwa kuwa Ibn Khallikan hakuona haya mbele ya karani. Nanyi wanafunzi, mkiitwa, nendeni mbio, mpige magoti mbele ya wazee wenu kwa adabu, na mhesabu polepole ili waone.

Kwaherini.